Wapeni watoto wetu kazi za kweli: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Lamu

Kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti ya Lamu. Kwa Waziri wa Elimu katika serikali yetu ya kaunti. Kwa walimu wakuu na wenyeviti wa bodi za skuli. Na kwa masheikh na maalim wa madrasa zetu, kutoka Kiunga hadi Witu.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na salamu za heshima kwa walio wa dini nyingine miongoni mwenu.

Naandika kama mama mzazi. Nashona kofia nyumbani Langoni, mjini Lamu, mume wangu ni mtu wa bahari, na watoto wetu wako skulini na madrasa kama watoto wa majirani zetu wote. Nimewasikiliza wazazi wenzangu harusini, matangani na tukingoja zamu hospitalini, na naona lalamiko letu ni moja ingawa kila mtu analitia maneno yake. Watoto wetu wanafika miaka kumi na mitatu, kumi na minne, bila kuwahi kupewa jambo moja likawa lao kikweli: wakalianza wao, wakalimaliza wao, na likiharibika wakalirekebisha wao. Tunawahimiza wasome, waswali, wawe na adabu, wapite mitihani. Kujitegemea tunakungoja kuje kwenyewe siku watakapopelekwa bweni au watakapopanda basi la Mombasa. Hakuji.

Sehemu ya wazazi naijua, na kwangu nyumbani naishika. Lakini saa za siku ya mtoto, kazi anazotumwa kufanya, na sauti anayopewa au anayonyimwa skulini, hayo mmeyashika nyinyi. Ndiyo maana barua hii naielekeza kwenu.

Nianze na picha.

Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, ulitaja uwajibikaji miongoni mwa maadili yake, na ukataja mtoto kuamini uwezo wake miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Maneno hayo niliyapenda na bado nayapenda. Tazameni lakini yanavyotufikia nyumbani. Jioni, ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa: kesho kila mtoto alete picha akiosha vyombo, au akitandika kitanda, au akimsaidia mama jikoni. Mama anaacha shughuli yake, anamvisha mtoto nguo safi, anamwekea sahani mbili na povu jingi, anampiga picha. Baba anatumwa saiba, duka la kompyuta, ikachapishwe kwa rangi. Asubuhi mtoto anapeleka karatasi, mwalimu anaitia alama ya vyema, na kazi imekwisha. Sahani zilizobaki zimeoshwa na mama. Mtoto huyo amefundishwa somo na amelishika barabara, kwamba kazi hufanywa ili ionekane.

Ndivyo ilivyokuwa kwa zile sanamu za kutishia ndege ambazo watoto wa Gredi ya 4 walitakiwa watengeneze kwa somo la kilimo. Kwa mtoto wa vijiji vya Hindi au Mpeketoni, huko bara, kazi hiyo ina maana, maana mahindi yapo na ndege wapo. Huku Mji wa Kale, ambako nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta na uwanda wa ndani unatosha kuanikia nguo tu, nilimwona fundi wa mtaani kwetu akizishona sanamu hizo kwa malipo, moja baada ya nyingine, kwa vipimo alivyoletewa na wazazi. Zilipendeza. Hakuna mkono wa mtoto uliozigusa mpaka siku ya kuzibeba.

Simlaumu mwalimu. Mwalimu ana darasa lililojaa, anadaiwa ushahidi, na alama za tathmini ya skulini hupelekwa kwa Baraza la Mitihani la Taifa, kwa hivyo lazima awe na kitu cha kuonyesha. Anaagizwa, naye anaagiza. Agizo linatoka juu, na juu ndiko mliko nyinyi.

Acheni niwaeleze nililoliona likifanyika vizuri. Bintiyangu alipotakiwa kupeleka picha akiwa jikoni, nilimwandikia mwalimu wake kwenye daftari: picha hana, lakini tui anajua kulikamua, tafadhali mwulize. Mwalimu yule, Mwenyezi Mungu ambariki, alimwita mbele ya wenzake. Mtoto akaeleza nazi inavyopasuliwa ili isimwage maji yote, namna ya kukaa juu ya mbuzi usije ukajikata, na kwamba unakuna mpaka unakaribia kifuu lakini hukifikii, maana weusi wake ukiingia tui linabadilika rangi. Akasema la kwanza ndilo kasimele, hilo huwekwa kando. La pili na la tatu ndiyo ya kuchemshia mbaazi. Mvulana mmoja akauliza kwa nini kasimele lisitiwe mapema likapikika pamoja. Akamjibu kwamba likichemka sana linakatika, na mbaazi zinakuwa na mafuta juu na maji chini. Dakika chache tu, saiba hawakuhitajiwa, na hapana aliyeweza kumjibia, kwa sababu mtu hawezi kulieleza jambo namna ile kama hajalifanya kwa mikono yake mara nyingi, na mara nyingine likamharibikia.

Hilo ndilo ombi langu la kwanza. Ondoeni ushahidi wa picha. Mtoto aeleze, aonyeshe, aulizwe maswali na wenzake, hapo hapo darasani. Kazi za mradi zifanyiwe skulini kwa vitu vinavyopatikana, na mwalimu mkuu apewe ruhusa ya kuchagua kinachofaa kwake: Matondoni wasuke na wajifunze mbao kwa mafundi wa vyombo vya bahari, Faza na Kizingitini washone nyavu, Witu na Mpeketoni walime. Mtaala unataka wazazi washirikishwe, na sisi tunataka kushirikishwa. Kumfanyia mtoto kazi yake si kushirikishwa.

Jambo la pili linaniuma zaidi, na sijaona likizungumzwa. Katika skuli zetu nyingi kazi ya mikono ni adhabu. Aliyechelewa anafagia uwanja. Aliyepiga kelele anafyeka nyasi. Aliyekosa heshima anaosha vyoo. Baada ya miaka ya hivyo, tunashangaa mtoto akiambiwa afagie nyumbani ananuna na kuuliza, "Nimefanya nini?" Anauliza kweli. Tangu Gredi ya 1 hajamwona mtu akifagia ila mkosaji.

Japani, watoto husafisha madarasa na korido zao wenyewe, na katika skuli nyingi za msingi hugawiana chakula cha mchana kwa zamu, na mwalimu wao yuko nao. Hakuna aliyekosa; ni wakati wa kusafisha, basi wote wanasafisha. Hapa kwetu hatuhitaji kununua chochote ili kufanya hivyo. Mnahitaji kuandika waraka wa ukurasa mmoja: kazi ya usafi isitumike tena kama adhabu, iwe ya zamu kwa wote, na mwalimu wa zamu naye ashike fagio. Mtoto akimwona mwalimu anayemheshimu ameinama anafagia, sitakuwa na haja ya kumhubiria nyumbani.

Na hapa naomba niseme juu ya kukosea, kwa sababu mtoto anayejifunza jambo la kweli atalikosea. Atavunja kikombe. Atasahau chenji dukani. Atakwenda skulini na daftari siyo. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto wadogo kabisa vyombo vya kioo na vya udongo, vinavyovunjika, ili mtoto aone mwenyewe kinachotokea akikishika ovyo. Wengi wetu hufanya kinyume, vikombe vizuri vinapanda juu ya rafu na mtoto anapewa cha plastiki mpaka anaoa.

Walimu wangu wa madrasa, nyinyi mna mfano mkubwa kuliko huo na mnaujua kuliko mimi. Anas bin Malik aliingia kumtumikia Mtume (s.a.w.) akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akakaa naye miaka kumi, na alikuja kusimulia kwamba hakuambiwa hata siku moja "uff", neno la kuudhika, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya vile. Siku moja alitumwa, akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama nao. Mtume akamjia kwa nyuma akamshika, naye anacheka, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akasema anakwenda sasa hivi. Basi ikawa imekwisha. Mtoto alikosea, alikumbushwa kwa upole, na kazi ilibaki kuwa yake. Hakunyang'anywa akapewa mtu mzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku viboko na kumdhalilisha mtoto, na naomba izingatiwe skulini, na moyo wake uzingatiwe madrasa pia. Anayefagia kwa kuiogopa fimbo huacha kufagia mwenye fimbo akigeuka, na mimi nataka mtoto atakayefagia hata nikiwa Mombasa.

Sasa nije kwenye muda, maana bila muda haya yote ni maneno.

Chukueni siku ya mtoto wa Gredi ya 6 hapa Langoni. Anaamka alfajiri, anaswali, na mapema sana yuko njiani kwa sababu kuna masomo ya asubuhi kabla ya masomo. Anarudi alasiri. Anakula amesimama, anabadilisha nguo, anakimbilia madrasa mpaka karibu na magharibi. Usiku kuna kazi ya nyumbani, na kwa wenye uwezo kuna mwalimu wa ziada. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni madrasa tena. Mtoto huyo atafua sare yake lini? Atajifunza lini kuwasha jiko? Mama akitazama saa anaona ni rahisi kumfanyia kila kitu ili apate kulala. Tunawalea watoto wanaohudumiwa kama wageni ndani ya nyumba zao, na sababu yake si mapenzi kupita kiasi kama wazee wanavyodhani. Ni ratiba.

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 ziko wazi: katika skuli za kutwa vipindi vya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa u nusu, kisha michezo na shughuli nyingine mpaka saa kumi na dakika 45, na mtoto asitakiwe kufika skulini kabla ya saa moja na robo. Sheria yenyewe imekataza masomo ya likizo. Bwana Mkurugenzi, kanuni hizi ni zenu. Tunaomba zifuatwe kama zilivyoandikwa, na mwalimu mkuu anayezivunja kwa kutafuta wastani mzuri wa alama asisifiwe kwenye mikutano.

Kuhusu madrasa, nisieleweke vibaya. Watu wamekuja Lamu kutafuta elimu ya dini kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki tangu enzi za Habib Swaleh na msikiti na chuo chake cha Riyadha, na mimi mwenyewe nilichonacho cha maana nilikipata kwenye mkeka wa chuo. Ninachosema ni kwamba wanaopanga siku ya skuli na wanaopanga siku ya madrasa hawajawahi, kwa ninavyojua mimi, kukaa pamoja ratiba zote mbili zikiwa mezani. Kila upande unamwona mtoto nusu. Kaeni. Nusu ya kazi yenu itakuwa imekwisha siku hiyo hiyo. Tunachokitaka ni kidogo: saa moja kila jioni isiyokuwa ya mtu yeyote ila nyumba, na siku moja katika wiki ambayo mtoto harudi na kazi ya kuandika.

Mkitupa saa hiyo, tunajua la kufanya nayo. Wa miaka mitano atapanga viatu mlangoni na kukunja mkeka. Wa saba atatayarisha mkoba wake mwenyewe, na akisahau kitabu, tafadhali mwalimu, msimpigie simu mama akilete. Mwacheni aazime kwa mwenzake na kesho hatasahau. Wa kumi atafua sare, atachemsha chai, atakwenda sokoni kununua samaki na kujua tasi wa leo na wa jana. Wa kumi na tatu anaweza kupewa pesa ya mlo wa nyumba nzima siku moja ya wiki, achague, anunue, apike, na tule alichopika bila kumkosoa mezani.

Nimesema atakwenda sokoni, na hapo nina neno na serikali ya kaunti. Mji wetu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wanausifia milango na kuta. Kwa mzazi, utajiri wa Mji wa Kale ni kwamba mitaa yake haipitiki kwa gari, na kwa hivyo mtoto wa miaka sita anaweza kutumwa dukani peke yake, na kitakachompita ni punda. Kutumwa ni elimu nzima. Mtoto anashika pesa, anakumbuka vitu vitatu, anaamkia wazee barazani, anahesabu chenji, anarudi na kutoa hesabu. Sisi sote tulianzia hapo. Pikipiki zikiachwa zipenye mitaani, jambo la kwanza litakalokufa ni kumtuma mtoto, maana hakuna mama atakayethubutu. Mnapojadili pikipiki mkiwaza watalii na majengo, wafikirieni pia hawa wenye sarafu mkononi. Zizuieni nje ya mitaa, na msiregee.

Na bahari je? Tunaishi kisiwani. Kwenda hospitali kubwa za nje ya kisiwa, kwenda uwanja wa ndege Manda, kushika basi Mokowe, kote ni boti. Wavulana hujifunza kuogelea wenyewe kwa kurukaruka gatini. Wasichana hawafundishwi na mtu, na wengi wanaolewa na kuzaa wakiwa hawajui kujielea hata dakika moja. Binti wa namna hiyo atakuwa abiria maisha yake yote. Naomba skuli na kaunti zipange mafunzo ya kuogelea kwa wasichana, kwa walimu wa kike, mahali pa sitara, na si wakati wa kusi bahari ikiwa imechafuka. Naijua pingamizi itakayoletwa na naiheshimu. Kwa sitara na walimu wa kike nadhani imejibiwa.

Hilo linanipeleka kwenye wavulana, kwa sababu mzigo nyumbani haukugawanywa. Msichana wa miaka kumi anapika, anafua, anambeba mdogo wake. Kaka yake wa miaka kumi na minne anangoja sahani. Kundi la kwanza la mtaala huu liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na miongoni mwao wako vijana wetu waliokwenda bwenini mbali na visiwa bila kuwahi kufua shati. Walimu, mnapogawa zamu za jikoni na za usafi, msiwatume wasichana maji na wavulana viti. Wote washike vyote. Mume wangu anajua kupika, na alijifunza chomboni, ambako hakuna mama wala dada, na mabaharia wenzake hawakumcheka ila siku wali ulipoungua.

Lakini wako watoto wa upande wa pili kabisa, na siandiki kwa ajili ya kuwaongezea. Yupo mvulana anayetolewa darasani aende kuvua kaa na kamba kwa sababu msimu ni mzuri na bei iko juu. Yupo msichana anayepelekwa Malindi au Mombasa kulea watoto wa watu. Hao wasije wakatolewa mfano wa uwajibikaji. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto naye ana wajibu kwa familia na jamii yake, pamoja na kuwasaidia wazazi wanapohitaji, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Kifungu cha 15 cha mkataba huo huo kinamkinga na kazi zinazomdhuru au kumwondoa kwenye elimu. Vifungu hivyo viwili visomwe pamoja. Kazi inayoingia katika siku ya mtoto na kumwacha asome, acheze na alale inamjenga. Inayoila siku yake yote ni ajira, na machifu na maafisa wa watoto wanajua la kufanya. Na kwa watoto wa Basuba, huko msitu wa Boni, ambao skuli zao zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama, barua yangu ni ndogo. Wao wanadai kwanza darasa lenye mwalimu ndani yake.

Limebaki la viranja. Katika skuli nyingi kiranja huchaguliwa na walimu, na kazi yake kubwa ni kupewa karatasi aandike majina ya wapiga kelele. Tunamfundisha nini? Kuchongea wenzake, na wenzake tunawafundisha kunyamaza anapoingia. Hapo hakuna uongozi. Sheria ya Elimu ya Msingi imeweka nafasi ya mwakilishi wa baraza la wanafunzi ndani ya bodi ya usimamizi, kwa hivyo serikali yenyewe imekubali kwamba mtoto anaweza kukaa mezani na watu wazima. Tuanze chini. Wanafunzi wapige kura ya siri, tangu skuli ya msingi, kisha wanaochaguliwa wapewe jambo lenye uzito.

Mimi ningewapa maji. Maji ya mji wetu yanatoka visima vya Shela, chini ya michanga, na kila mwenye nyumba hapa anajua thamani yake yakikatika. Lipeni baraza la wanafunzi tangi la skuli. Waandike kila siku limejaa kiasi gani, mfereji upi unavuja, nani ana zamu ya kufunga jioni. Wakileta taarifa kwamba mfereji wa tatu umeharibika, mwalimu mkuu awajibu kwa maandishi: utatengenezwa lini, au kwa nini hautengenezwi. Jibu hilo la maandishi ndilo litakalobadilisha kila kitu, kwa sababu mtoto atakuwa ameona neno lake limesikika na mtu mzima amebanwa nalo. Wengine wapewe sanduku la vitabu, wengine bustani, wengine vitu vilivyopotea. Viwe vitu ambavyo wasipovishughulikia kweli, skuli nzima itahisi.

Kila mwaka tunakaa vikao juu ya vijana wa vichochoroni na dawa za kulevya. Sidai kwamba sahani na mfereji vitatibu janga hilo. Mambo yake ni mengi na wauzaji wake ni watu wazima. Nasema tu kwamba nimewaona vijana hao tangu wakiwa watoto, na wengi wao hawakuwahi kukabidhiwa chochote na mtu yeyote. Walikatazwa mengi, walipigwa kwa mengi, na siku walipotakiwa kujiamulia hawakuwa na mazoezi. Fungu la pesa linalotumika kuwaokoa wakubwa, sehemu yake ndogo itumike kuwakabidhi wadogo.

Waheshimiwa, hakuna katika haya linalongoja bajeti kubwa. Waraka juu ya picha na juu ya usafi unaweza kuandikwa wiki hii. Kanuni za saa zimeshaandikwa. Mafunzo ya kuogelea yanahitaji walimu wachache wa kike na mahali pa sitara, na kuhusu pikipiki kinachohitajika ni msimamo. Kikao cha skuli na madrasa kinahitaji chumba na birika la kahawa.

Naomba kikao hicho kiitishwe kabla muhula ujao haujaanza, na tarehe yake itangazwe misikitini, makanisani na kwenye redio zetu ili wa Pate, Ndau na Kiunga wapate nafasi ya kusafiri. Kiwe Jumamosi alasiri, kusudi akina baba walioko baharini wawe wamerudi. Wanafunzi wawepo, angalau wawili kutoka kila skuli, wakae mbele na wapewe kipaza sauti kabla yetu. Akina mama wa Langoni tumekubaliana kuleta kahawa na kaimati, na watoto wetu ndio watakaozipika.

Wenu kwa heshima,
Mama mzazi, Langoni, Lamu